1990, mwaka Ayalandi ilipoanza kuhesabu watu wake upya

Mwaka 1990 nilikuwa darasa la tano, Kitui, na kitu pekee nilichojua kuhusu Ayalandi ni kwamba ndiko alikotoka padri wetu. Mapadri wa Kiltegan, shirika la wamisionari wa Ayalandi, walikuwa wengi kwetu enzi hizo, Turkana pia, na huyu wetu alikuwa amekaa miaka mingi hadi Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha mwalimu mkuu. Juni ya mwaka ule akafanya kitu ambacho hatukuwa tumewahi kumwona akifanya, alitoa redio yake ndani akaiweka dirishani akatuambia anayetaka mpira akae chini ya mwembe asikilize. Sisi watoto tulikuwa tumefuata Cameroon. Si mnakumbuka, Cameroon waliwafunga Argentina ya Maradona mechi ya kwanza kabisa na wakamaliza wakiwa tisa tu uwanjani, halafu akaja Roger Milla, miaka 38, akifunga anakimbilia kibendera cha kona anakata viuno. Kijiji kizima kilikuwa cha Cameroon. Padri peke yake ndiye alikuwa na timu nyingine.

Jioni moja, giza limeshaingia, redio inakwaruza, akasimama ghafla akashika kichwa. Penalti. Ayalandi na Romania. Ilipoisha alikaa chini pale pale vumbini na kanzu yake akalia. Susu wangu, yaani bibi, alikuwa amekuja kunichukua, akauliza kwani mzee amefiwa? Tukamwambia hapana, wameshinda. Akasema basi anawakumbuka watu wa kwao, mwacheni.

Nimeishi Cork, huku Ayalandi, tangu 2008 na kile kilio sikukielewa mpaka nikawa na miaka kadhaa hapa, nimeshajua mwenyewe maana ya kusikia jina la kwenu kwa redio ukiwa mbali. Jirani yangu mmoja, mama mzee ambaye mwanangu anamwita Nana kama watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao, ndiye alinifungua macho. Nilikuwa nimemsimulia ile habari ya padri, akaweka kikombe chini akasema, "Kama hujui 1990 hujatujua sisi." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuchimba huu mwaka, nasoma, natazama mikanda ya zamani, namuuliza maswali mpaka anachoka. Na nimeona ni mwaka unaotuhusu sana sisi tulioondoka makwetu, ndiyo maana naandika.

Kwanza muelewe nchi ilikuwaje. Watu milioni 3.5 hivi. Kwa mwaka mmoja tu, ule ulioishia Aprili 1989, watu kama 70,000 waliondoka, wengi vijana wa miaka ishirini na kitu, London, Boston, New York, wengine bila makaratasi. Nana alikuwa na watoto watano, watatu walikuwa wameshakwenda. Talaka ilikuwa haramu kikatiba, wananchi walipigia kura jambo hilo 1986 wakakataa kubadilisha. Sheria iliyomfanya shoga kuwa mhalifu ilikuwa bado ipo. Zile nyumba za kufulia nguo za masista ambako wasichana waliozaa nje ya ndoa walifungiwa wakafanyishwa kazi bila malipo, zilikuwa bado zinaendeshwa, ya mwisho ilifungwa 1996. Nataja haya mapema kwa sababu mtu akisimulia 1990 kwa furaha tupu anakuwa amewasahau hao, na walikuwa wanausikia mpira huo huo kutoka ndani ya kuta.

Sasa mpira. Ayalandi ilikuwa haijawahi kucheza Kombe la Dunia, hiyo ya Italia ndiyo ilikuwa ya kwanza. Kocha alikuwa Mwingereza, Jack Charlton, mtu aliyebeba kombe hilo 1966 na England yenyewe, hebu fikiria uzito wa hiyo kwa nchi iliyotawaliwa na Waingereza karne nzima na karne nyingine tena. Na wachezaji wake wengi hawakuzaliwa Ayalandi. Houghton alizaliwa Glasgow, Aldridge Liverpool, walikuwa wanaichezea nchi ya mzazi au ya babu na bibi. Walichekwa sana kwa hilo, ati timu ya kukodi. Lakini hao walikuwa akina nani hasa? Walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioondoka na sanduku la mbao miaka ya hamsini kwenda kuchimba mitaro na kuwa mayaya na manesi Uingereza, watu ambao nchi iliwaacha waende na ikanyamaza kuwahusu. Mabibi hao walizaa huko, na mjukuu akarudi amevaa kijani. Mimi naona hiyo ndiyo siri ya mwaka wote.

Matokeo yenyewe ukiyatazama kwa karatasi hayana kitu. Sare na England 1-1, sare na Misri 0-0, mechi mbaya ambayo mchambuzi mmoja wa televisheni alitupa kalamu kwa hasira, sare na Uholanzi 1-1. Halafu tarehe 25 Juni, Genoa, Romania, dakika 120 bila goli, penalti. Packie Bonner, kipa kutoka Donegal, akaruka kulia akaokoa ya Timofte, halafu David O'Leary akaenda kupiga ya mwisho, na mtangazaji George Hamilton akasema taifa zima limeshika pumzi. Siku hiyo hiyo wakuu wa nchi za Ulaya walikuwa kwenye mkutano Dublin Castle kwa sababu zamu ya uenyekiti ilikuwa ya Ayalandi, wanazungumza mambo makubwa, Ujerumani mbili zinaungana, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa hapa tarehe 25 Juni alikuwa wapi hakuna atakayekutajia mkutano. Nana alikuwa jikoni amegeukia ukuta, hakuweza kutazama, alijua kwa kelele za barabarani. Walikuja kutolewa robo fainali Roma, goli moja la Schillaci. Mechi tano, magoli mawili, hawakushinda hata moja ndani ya dakika za mchezo, na watu walijaa barabarani kuwapokea kama waliobeba kombe.

Hapo ndipo habari inafika kwetu. Timu ilirudi Dublin tarehe 1 Julai. Na siku hiyo hiyo nani mwingine alikuwa Dublin? Nelson Mandela, ana miezi kama mitano tu tangu atoke jela. Alikuwa amekuja kupokea heshima ya mji ambayo Dublin ilikuwa imempa tangu 1988 akiwa bado kifungoni, na kesho yake akahutubia bunge lao. Beki bora wa timu ile alikuwa Paul McGrath, mtu mweusi, mama Muayalandi, baba Mnaigeria, alizaliwa London akalelewa kwenye vituo vya watoto Dublin, maisha magumu sana. Uwanjani mashabiki walikuwa na wimbo wao, uu aa Paul McGrath. Basi Mandela alipojitokeza mbele ya umati, watu wakaanza kuimba uu aa Paul McGrath's da, yaani huyu ni baba yake Paul McGrath.

Nimefikiria sana huo wimbo. Kuna wenzangu Waafrika hapa wakiusikia wanakasirika, wanasema ni dharau, kila mweusi ni baba wa mweusi mwingine. Siwalaumu, nimeshaambiwa maneno kwa basi mimi, najua. Lakini nimetazama picha za siku zile, nimezungumza na waliokuwepo, na mimi nasikia kitu kingine. Kwao McGrath alikuwa ndiye mtu anayependwa kuliko wote nchini wiki ile, kuliko waziri mkuu, kuliko askofu. Kumwita Mandela baba yake ilikuwa kumuingiza nyumbani. Kwa mama yangu mgeni wa heshima anaitwa baba fulani au mama fulani, haitwi kwa jina lake, anapewa mtoto wa nyumba hiyo. Walichofanya wale watu wa Dublin hakiko mbali na hapo, ingawa hawakujua.

Na Mandela hakwenda Dublin kwa bahati. Julai 1984 msichana wa miaka 21, Mary Manning, keshia wa supamaketi ya Dunnes pale Henry Street, alikataa kupokea pesa za machungwa makubwa, yale ya balungi, kutoka Afrika Kusini, kwa sababu chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kimeamua hivyo. Akasimamishwa kazi. Wenzake wakatoka naye, walikuwa wadada wengi wao, na wakasimama nje ya duka kwa karibu miaka mitatu, mvua ya Dublin hiyo, malipo ya mgomo kidogo mno. Mwanzoni wao wenyewe walikiri kwamba hawakujua mengi kuhusu ubaguzi wa rangi, walifundishwa pale pale barabarani na Nimrod Sejake, mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuja kusimama nao. 1987 serikali ikapiga marufuku matunda na mboga za Afrika Kusini. Mandela alipofika 1990 alikutana nao. Na kuna Kader Asmal, mtu wa Afrika Kusini aliyefundisha sheria chuo kikuu cha Trinity pale Dublin na ndiye alianzisha huko chama cha kupinga ubaguzi tangu miaka ya sitini, mwaka huo huo akafunga mizigo kurudi kwao baada ya karibu miaka thelathini. Wengine wanaondoka, wengine wanarudi, 1990 ilikuwa hivyo kila upande.

Katikati ya Julai Mandela akatua Nairobi. Kwetu Saba Saba, yale maandamano ya kudai vyama vingi, ilikuwa imepita siku chache tu, viongozi wake Matiba na Rubia wako ndani, watu wamekufa. Padri hakutoa redio dirishani wiki hiyo. Alituambia twende nyumbani mapema.

Kuna jambo jingine la 1990 ambalo nililijua kwa kuchelewa na limenishika zaidi ya mpira. Aprili mwaka ule, Abbey Theatre pale Dublin, ilianza tamthilia ya Brian Friel, Dancing at Lughnasa. Ni ya dada watano wasioolewa, kijijini Donegal, mwaka 1936, na kaka yao Padri Jack ambaye amerudishwa nyumbani baada ya miaka 25 Uganda akihudumia wagonjwa wa ukoma. Amerudi mgonjwa, amechanganyikiwa, na maneno ya Kiingereza yanampotea kwa sababu miaka yote hiyo lugha yake imekuwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Mimi nilienda kuitazama kwenye ukumbi wa kanisa kijiji kimoja nje ya Cork, kundi la wanakijiji tu, maana hawa watu wanapenda drama, karibu kila parokia ina kikundi. Nilikuwa sijui habari hiyo. Nimekaa kwa kiti changu, mwigizaji anatafuta neno, hapati, anaomba radhi, anataja Kiswahili, na mimi koo likanikaba. Nimewahi kuwa huyo mtu. Nilirudi Kitui 2015 nikakaa mezani na ndugu zangu nikatafuta neno la Kikamba la kitu nilichokuwa nimekishika mkononi, likakataa kuja, wakanyamaza kwa heshima.

Lakini shida ya Padri Jack kubwa haikuwa lugha. Alikwenda kuwabadilisha watu wa Uganda, wakambadilisha wao. Anazungumza juu ya sherehe zao na dhabihu zao kwa mapenzi, dada mkubwa anaogopa, parokia inamkwepa, na misa waliyotegemea atasoma hakuisoma. Hakuna anayejua amuweke wapi. Nilimuuliza Nana kama watu walikasirika tamthilia ilipotoka, nchi ya kikatoliki kama hii. Akasema kila familia ilikuwa na padri au sista Afrika, na kila familia ilikuwa imemwona akirudi likizo na kukaa pembeni kama mgeni, ila hakuna aliyelisema. Nikamkumbuka mzee wetu wa Kitui. Alizikwa kwetu, aliomba hivyo mwenyewe.

Agosti akarudi Brian Keenan, mwalimu kutoka Belfast aliyetekwa Beirut 1986 na kufungwa miaka minne na zaidi, muda mrefu akiwa amefungwa macho, dada zake wawili ndio walipiga kelele bila kuchoka mpaka akaachiwa. Septemba ikawa ya Cork, hapa lazima nitaje la sivyo Nana hataniongelesha: mchezo wa hurling, ule wa fimbo na kimpira kidogo, na ule mpira wao wa asili wa miguu na mikono, Cork ilichukua ubingwa wa nchi wote wawili ndani ya wiki mbili, na Teddy McCarthy alikuwa uwanjani fainali zote mbili, hakuna mwingine amewahi kushinda zote mwaka mmoja. Tuendelee.

Urais. Ayalandi rais hana mamlaka makubwa, ni kama uso wa nchi, na kiti kilikuwa kimezoeleka kuwa cha wazee wa chama cha Fianna Fáil kustaafia. Safari hii mgombea wao alikuwa Brian Lenihan, mtu wa watu, ametoka kubadilishwa ini Marekani mwaka uliotangulia, kila mtu anamwonea huruma na kumpenda. Chama kingine kikubwa, Fine Gael, kikamweka Austin Currie. Na chama cha Labour kikamteua Mary Robinson, mwanasheria, mzaliwa wa Ballina, Mayo, aliyekaa seneti miaka 20 akipigania uzazi wa mpango, talaka, haki za mashoga mpaka mahakama ya Ulaya. Kampuni za kamari zilimpa mia kwa moja, yaani hazikuamini atashinda. Yeye akaanza kampeni Mei, wenzake hata hawajateuliwa, akaanzia Allihies, kijiji cha mwisho mwisho huko magharibi mwa Cork ambako wagombea hawafiki, akazunguka miezi mingi visiwani, kwenye vikundi vya akina mama, kwenye vituo vya wasio na kazi.

Oktoba mambo yakageuka. Lenihan aliulizwa kwenye televisheni kama 1982, serikali ilipoanguka, alimpigia rais simu kumshawishi asivunje bunge. Akakana. Kumbe miezi michache kabla alikuwa amemwambia mwanafunzi mtafiti kwamba alipiga, na kanda ipo. Kanda ikachezwa mbele ya wanahabari. Akarudi kwenye televisheni, akaangalia kamera, akasema amekumbuka vizuri baada ya kutafakari, na waziri mkuu Haughey, rafiki yake wa miaka, akamfuta kazi ya uwaziri siku ya mwisho ya Oktoba. Hata hivyo huruma ilikuwa inamrudisha juu. Halafu Jumamosi kabla ya kura waziri mmoja, Pádraig Flynn, akaenda redioni akasema Robinson ameanza ghafla kujifanya anajali familia yake. Nana alikuwa anapiga pasi. Anasema aliiweka pasi wima, akazima redio, akasema moyoni basi. Mume wake alikuwa Fianna Fáil, baba yake Fianna Fáil, babu yake Fianna Fáil. Jumatano tarehe 7 Novemba wakaenda wote kituoni kwa gari moja, kila mtu akaingia kwenye kibanda chake, wakarudi nyumbani wakanywa chai.

Huku mpiga kura hatii tiki, anapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hesabu ya kwanza Lenihan alikuwa mbele, asilimia 44, Robinson karibu 39, Currie 17. Currie akatolewa, kura za chaguo la pili za watu wake zikagawanywa, nyingi mno zikaenda kwa Robinson, akapita na karibu asilimia 53. Siku ya ushindi akawashukuru wanawake wa Ayalandi, akasema badala ya kutikisa kitanda cha mtoto wametikisa mfumo mzima. Alisema kwa lugha yao, mná na hÉireann, na Nana mpaka leo akitaja hayo maneno anakaa wima.

Tarehe 3 Desemba akaapishwa. Kwenye hotuba alisema kuna watu zaidi ya milioni 70 duniani wanaojiita wa asili ya Ayalandi na atajivunia kuwawakilisha, na kwamba Ikulu kutakuwa na taa inawaka daima kwa ajili ya waliohama. Ile taa ipo dirishani kweli, naijua, nilimpeleka mwanangu Phoenix Park, bustani ya Dublin iliko Ikulu hiyo.

Na hapa ndipo nabanwa. Taa naipenda. Natamani State House kungekuwa na yangu. Lakini Muayalandi aliyeko Boston hawezi kumpigia kura rais huyo mpaka leo, taa anayo, karatasi ya kura hana, wakati Mkenya aliyeko nchi kadhaa za nje anapiga kura ya rais tangu 2013. Halafu 2004 wananchi wa hapa hapa, asilimia 79, walipiga kura kuondoa haki ya mtoto yeyote aliyezaliwa kwenye ardhi hii kuwa raia moja kwa moja. Mwanangu alizaliwa Cork 2011. Mimi nilikuwa na viza ya mwanafunzi na miaka ya mwanafunzi haihesabiwi kwenye ukaaji wa mzazi, kwa hiyo mtoto hakuwa raia. Mtu wa Chicago ambaye bibi yake alizaliwa kisiwani anajaza fomu anapata pasipoti. Mwanangu alizungumza kwa lafudhi ya Cork, alicheza hurling na watoto wa mtaa, na alingoja mpaka mimi nipate uraia ndipo naye apate, alikuwa na miaka saba. Kuna asubuhi moja darasa lao lilikuwa linakwenda safari Ufaransa... hiyo niiache.

Nilimuuliza Nana alipiga vipi 2004. Alikaa kimya muda. Akasema alipiga ndiyo, waliambiwa ni kuziba mwanya tu. Akasema angejua. Nikamshika mkono, sikuwa na neno.

Ile jioni ya taa, Desemba 1990, alinisimulia hivi. Hotuba ilipokwisha alikwenda kwa simu ya korido akampigia binti yake Boston, simu zilikuwa ghali, ilikuwa ya Krismasi na ya msiba tu. Binti akashtuka, nani amekufa? Akamwambia hakuna, umesikia alivyosema? Binti hakuwa amesikia, alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Wakakaa hivyo, kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake, dakika zinakwenda.

Binti hakurudi. Ana watoto wakubwa sasa, wote wana pasipoti ya Ayalandi, mmoja bado hajawahi kukanyaga hapa. Mwanangu ndiye humtolea Nana pipa la takataka kila Jumatano usiku.